Nisomee, Bernadina

"Katika nchi za kaskazini," Bernadina alisoma, kidole chake kikitembea chini ya mstari, "wakati wa baridi, maji ya ziwa hu… huga… huganda."

Akanyamaza. Neno lilikuwa limekubali kusomeka, lakini lilikuwa bado halijakubali kuingia akilini.

"Huganda," akarudia. "Kama maziwa?"

"Kama maziwa, ila magumu zaidi," Margwe alimjibu. Alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba yake, macho ameyafumba. "Endelea."

"Huganda yakawa magumu kama jiwe, na watu hutembea juu yake." Bernadina akainua uso. "Baba Helena, hapa pameandikwa watu wanatembea juu ya ziwa."

"Ndivyo ilivyo."

"Petro alijaribu akazama."

Margwe akacheka. Kilikuwa kicheko cha chini, cha mtu aliyezoea kucheka peke yake. Bernadina akainamisha uso tena kwenye kitabu, ingawa hakukuwa na haja ya kuuficha. Margwe hakuwa na uwezo wa kuuona. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili, akamwachia mwanga na vivuli tu.

Walikuwa wamekaa nje, upande ambao jua la kijiji cha Nambis hukawia kuondoka. Chini yao mashamba ya maharage yalishuka ngazi kwa ngazi hadi bondeni, na upepo ulipita juu yake kama mtu anayepapasa blanketi. Mbali kabisa, Mlima Hanang ulikuwa umekaa peke yake.

"Mlima ukoje sasa?" Margwe aliuliza.

"Umejifunga wingu kiunoni. Kichwa kiko wazi."

"Rangi?"

Bernadina akafikiri. Kabla ya kuanza kuja hapa, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mlima una rangi gani. "Kama moshi wa kuni mbichi," akasema. "Lakini pale juu, kama ndani ya ganda la kitunguu saumu. Ile zambarau nyepesi."

"Nimeuona," alisema Margwe.

Ilianza hivi. Mwalimu Hilda, anayefundisha kisomo cha watu wazima katika shule ya msingi watoto wakishaondoka, aliwaambia wanafunzi wake kila mmoja atafute mtu wa kumsomea kwa sauti. Bernadina alijaribu nyumbani. Wajukuu walicheka alipokwama. Mwanawe Emanuel alimnyang'anya kitabu kwa upole, akamalizia sentensi mwenyewe ili mambo yaende. Basi siku moja, akitoka darasani, alimkuta Mzee Margwe amekaa pale ukutani, amepakata kitabu kilichofungwa.

Margwe alikuwa bwana misitu. Ujana wake wote aliutumia katika misitu ya mikoa ya mbali, mkewe akafia huko, na alipostaafu akarudi Nambis na sanduku la vitabu ambavyo macho yake hayakuweza tena kuvisoma.

"Mimi nasoma vibaya," Bernadina alimwambia siku ile.

"Mimi sisomi kabisa," alijibu. "Kaa."

Tangu masika ilipokwisha wamekuwa wakiisafiri dunia kwa kitabu cha jiografia kisicho na jalada. Walivuka jangwa katika alasiri nyingi, kwa sababu neno "mchangamchanga" lilimtesa Bernadina. Waliteremka mito. Mahali ambapo mtu mwingine angepita mbio, wao walikaa, wakalitazama neno, wakalizunguka. Wakati mwingine Bernadina alimaliza ukurasa akakuta ng'ombe wa jirani wamesharudi zizini, naye hajui muda ulikwenda wapi.

"Kesho tutaingia milimani," Margwe alisema siku hiyo alipomsikia akifunga kitabu.

"Kesho, Mungu akipenda."

Akajitanda shuka, akashika njia ya nyumbani. Alijiambia kwamba anatabasamu kwa sababu ya ziwa lile la barafu.

*

Kesho yake, darasa lilipokwisha, alimkuta mwanamke mmoja anamsubiri kwenye mikaratusi ya shule. Alivaa koti zuri la mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mimi ni Helena, wa Mzee Margwe. Nimefika leo kutoka Babati."

Bernadina akajua mara moja kwamba maneno ya watu juu yake na Margwe yamefika hata Babati. "Karibu," alisema. "Baba yako hajambo. Jana nilimwacha mzima."

"Najua. Ndiyo maana nimekufuata wewe kwanza, kabla ya kwenda kwake." Helena aliitazama ardhi. "Mama, sikuja kugombana. Nimekuja kukuomba. Baba yangu anaweza kuona."

"Unasema?"

"Mwaka jana alipimwa na madaktari wa macho. Wakamwambia yule mtoto wa jicho anatolewa pale hospitali ya Haydom, si kazi kubwa, na ataona. Wakamwambia pia asikae sana, maana mtoto wa jicho akikomaa mno anaweza kuleta matatizo mengine. Akakubali kwenda. Nikatafuta nauli, nikaomba ruhusa kazini. Halafu wewe ukaanza kuja kumsomea."

Bernadina akakaza shuka mabegani.

"Tangu hapo kila nikipiga simu ananipa sababu. Mara baridi. Mara mahindi hayajavunwa. Mara ng'ombe anakaribia kuzaa. Juzi nikamwambia, baba, sema ukweli. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia, 'Helena, mwenye macho hasomewi.'"

Majani ya mikaratusi yalikuwa yakichezacheza juu yao. Bernadina alihisi joto likimpanda kutoka kifuani hadi masikioni, na hakuweza kulitenganisha, lipi ni la furaha na lipi ni la hasira.

"Sijakulaumu," Helena alisema. "Nilipofika pale juu nilimwona kwa mbali amevaa shati la kanisani, siku ya kazi, anakusubiri. Tangu mama afariki sijamwona hivyo. Lakini mimi ni mtoto wake. Siwezi kumwacha apotee huku namwangalia."

"Hutamwacha," Bernadina alimwambia. "Kapumzike kwa shangazi yako kidogo. Niache nikaongee naye."

*

Margwe alizitambua hatua zake kabla hajafika uani.

"Leo umechelewa, Mama Emanuel. Milima itatukimbia."

Bernadina akakaa kwenye kigoda chake. Kitabu kilikuwa tayari kimewekwa pale, lakini hakukigusa.

"Nilikuwa na Helena," alisema.

Tabasamu likamfutika Margwe usoni. Akapapasa magoti yake kana kwamba amepoteza kitu.

"Basi amekuambia."

"Ameniambia. Kumbe unaweza kuona."

"Ningeweza."

"Na ukachagua giza."

"Si giza. Naona mwanga. Naona kivuli chako ukikaa, na nakijua. Kwa mtu wa umri wangu hiyo inatosha."

"Haitoshi." Sauti yake ilipanda, akajilazimisha kuishusha. "Baba Helena, nisikilize. Mimi nimekaa bila kusoma maisha yangu yote kwa sababu watu walinichagulia. Baba yangu alichagua nichunge ng'ombe. Marehemu Bura, Mungu amrehemu, alikuwa mume mwema, lakini kila kisomo kilipotangazwa alisema ni cha watu wasio na kazi. Siku niliyofunguliwa mlango niliingia mbio, na magoti haya haya yanayouma. Wewe umefunguliwa mlango ukakaa kizingitini. Tena unasema umekaa kwa sababu yangu. Unataka nijisikieje?"

Jogoo wa jirani akapita uani, akasimama, akaendelea na safari yake.

"Naogopa," Margwe alisema mwishowe.

"Kupasuliwa?"

"Nimeshonwa mara nyingi msituni, kupasuliwa hakunitishi. Naogopa ukimya. Nitarudi nikiwa naona, nitakichukua kitabu hiki, nitakimaliza mwenyewe kwa siku moja. Halafu? Utapita pale barabarani, utasema habari za leo, utaenda zako. Mama Emanuel, mimi dunia hii niliizunguka kabla sijakujua. Vitabu hivi nilivisoma nikiwa kijana, harakaharaka, nikidhani nimeelewa. Sikuwahi kukaa na neno mpaka nilipokusikia wewe ukilitafuta."

Bernadina akageuza uso akautazama mlima. Siku hiyo ulikuwa umejificha wote.

"Mimi pia naogopa," alisema.

"Unaogopa nini wewe?"

"Hujawahi kuniona. Uliporudi Nambis macho yalikuwa yameshaziba. Unaijua sauti tu, na sauti yangu haikuzeeka pamoja nami. Nywele zangu ni nyeupe, huku mbele zimekatika kwa kubeba kuni. Mikono yangu ni ya jembe. Ukirudi na macho mapya, utamtafuta yule uliyemchora kichwani, hutamwona."

"Bernadina," alisema Margwe.

Bernadina akamgeukia. Tangu azae alikuwa Mama Emanuel kwa kila mtu, hata kwa mumewe. Mwalimu Hilda peke yake ndiye aliyemwita jina lake, akisoma majina ya darasa. Hakuwa amejua kwamba jina lile, likitamkwa taratibu na mwanaume asiye na haraka, linaweza kumrudisha mtu nyuma kiasi kile, hadi kwa msichana aliyekuwa akiimba nyuma ya ng'ombe.

"Bernadina, mimi sikuchora mtu. Mimi nasubiri."

Machozi yakamlenga. Akasimama kabla hayajashuka.

"Basi nenda Haydom. Sitakusomea neno hata moja mpaka uende."

"Hata milima?"

"Hata kilima."

Akaondoka. Alitembea haraka hadi kwenye kona ambako nyumba ya Margwe haionekani, ndipo akakaa kwenye ukingo wa shamba la mtu, akalia kwa kitambo. Hakuweza kusema ni uchungu gani, kwa sababu ndani yake kulikuwa na utamu mwingi.

*

Emanuel alikuwa jikoni alipofika, amekaa karibu na moto, akisukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, lakini akikasirika alivuta mdomo wa chini vilevile kama alipokuwa mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado. Mama, leo mnadani nimekutana na baba mkubwa. Ameniuliza mbele ya watu, mama yako ameolewa lini, mbona hatukuitwa."

Bernadina akaondoa shuka, akalitundika. "Ukamjibu nini?"

"Niligeuka nikaondoka. Sisemi usisome. Nilikubali uende kisomo, nikakununulia na daftari. Lakini kila siku kwa yule mzee, mnakaa ukutani kama vijana. Watu wanaona." Akalainisha sauti. "Nimefikiria jambo. Nitakununulia simu kubwa. Siku hizi zinasoma zenyewe. Unabonyeza tu, inakusomea chochote unachotaka."

"Na mimi nitaisomea nini simu?"

"Simu haihitaji kusomewa, mama."

"Basi haitanifaa."

Emanuel akaweka ukuni chini. "Baba alikupenda."

"Alinipenda. Na mimi nilimpenda. Nilimuuguza, nikamzika, nikamlilia mpaka ninyi mkaogopa. Lakini sikuzikwa naye, Emanuel."

Kuni zikapasuka motoni. Emanuel aliendelea kuutazama moto, na aliposema tena, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ukiolewa utaondoka hapa?"

"Nani ametaja kuolewa?"

"Hujataja. Uso wako umetaja."

Bernadina akamkaribia mwanawe, akamwekea mkono kichwani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Emanuel amalize shule. "Kula kwanza," alimwambia. "Mambo mengine hayana haraka."

Lakini yeye mwenyewe hakula. Alikaa akimsikiliza mwanawe akimega ugali, na katika mawazo yake watu walikuwa wakitembea juu ya ziwa, polepole, wawili wawili, wala hawazami.

*

Habari ilimfikia darasani. Mwalimu Hilda, ambaye kila siku huanza kipindi kwa kuwapa shikamoo wanafunzi wake wote, alimwinamia Bernadina alipokuwa akinakili maneno ya ubaoni, akanong'ona, "Mama, Mzee Margwe amekubali. Wanaondoka Jumatatu na basi la asubuhi."

Bernadina alijiapiza kwamba hatakwenda kituoni. Ataonekanaje? Jumatatu ilipopambazuka ukungu ulikuwa umelala juu ya Nambis hata mti wa karibu hauonekani. Aliwasha moto. Aliuzima. Akatoka nje, akarudi ndani, akajitanda shuka jipya. Aliposikia pikipiki ya Emanuel ikiunguruma uani alidhani anakwenda shambani.

"Panda," Emanuel alisema. "Kwa miguu huliwahi basi."

Bernadina akamtazama.

"Sijakubali," aliongeza mwanawe, macho yakiwa mbele. "Sitaki tu uje kunilaumu."

"Nimesikia," alisema mama yake, akapanda.

Basi lilikuwa limeshawashwa. Helena alikuwa akihangaika na mizigo mlangoni. Margwe alikaa dirishani amevaa koti lake la zamani la misitu, mikono juu ya magoti kama mtoto aliyeambiwa atulie. Bernadina akaja mpaka chini ya dirisha. Hakujua aanze vipi. Aliyeanza ni Margwe.

"Hiki kivuli nakijua."

"Nimekuja kuhakikisha hutoroki."

"Kuna ukungu?"

"Mwingi. Hakuna unachokikosa."

Akatabasamu, akautoa mkono nje, akawa anautafuta wa kwake hewani. Abiria walikuwa wakitazama. Bernadina alihisi macho yao mgongoni, na pia ya Emanuel, aliyesimama mbali na pikipiki yake. Akauinua mkono wake wa jembe akauweka ndani ya ule wa Margwe.

"Kama nikirudi," Margwe alisema, "nikupate wapi?"

"Nitakuwa darasani. Sikosi."

Basi likaondoka. Ukungu ukalimeza mara moja, ukaacha mlio tu, na mlio nao ukaisha.

*

Alisubiri. Helena alipiga simu kwa Mwalimu Hilda akasema kazi imekwenda salama, bandeji imetolewa, mzee anaona mpaka wadudu, lakini atapumzika Babati hadi jicho la pili nalo lishughulikiwe. Bernadina alishukuru Mungu. Kisha siku zikawa nyingi, na wasiwasi ukaanza kumwotea kama nyasi kwenye tuta. Babati kuna taa, kuna soko, kuna binti yake. Mtu aliyerudishiwa macho ataacha yote hayo aje kutazama nini Nambis?

Kisomo hakukiacha. Mwanzoni alikwenda ili asikae nyumbani akiwaza. Halafu ikawa anakwenda kwa sababu maneno yalianza kumfuata. Alisoma mfuko wa mbolea. Alisoma maandishi ya nyuma ya lori lililopeleka vitunguu saumu Arusha. Alisoma jina la sabuni aliyoifulia miaka yote bila kujua inaitwaje, maana yeye aliiita ya bluu. Dunia ambayo ilikuwa imekaa kimya mbele yake tangu azaliwe ilianza kumsemesha kila upande.

Asubuhi moja alikwenda kung'oa magugu kwenye kaburi la mumewe, nyuma ya migomba. Aliupangusa msalaba wa saruji kama alivyozoea, kwa upindo wa kanga. Mkono wake ukasimama.

"Bu," alisema polepole. "Ra. Bura."

Alikuwa amelipangusa jina lile msimu hadi msimu bila kujua ni jina. Alidhani ni pambo la fundi. Akapiga magoti kwenye udongo wenye umande.

"Kumbe ndivyo unavyoandikwa," alimwambia. "Jina fupi, na wewe ulikuwa mrefu vile."

Akazungumza naye. Alimwambia kuhusu shule, na jangwa, na ziwa linaloganda. Kisha akamwambia yale mengine pia, kwa sauti ndogo, kama alivyozoea kumwambia mambo mazito akiwa bado mkewe. Hakusikia jibu. Ila upepo ulipita kwenye migomba kwa upole, na moyo wake ukawa mwepesi, akajua hakumkosea mtu.

Aliposimama alimwona Emanuel amesimama kwenye migomba na jembe begani. Hakujua amekuwa hapo kwa muda gani.

"Nilidhani unajua kilichoandikwa," Emanuel alisema. "Tulipomweka fundi, hakuna aliyefikiria kukusomea. Hata mimi sikufikiria."

"Sasa nimejisomea."

Emanuel akateremsha jembe, akaanza kulikwangua udongo kwa kidole gumba. "Yule mzee akija," alisema, "asikusubiri barabarani. Aje nyumbani, akae kwenye kiti."

*

Ilikuwa alasiri ya baridi. Mwalimu Hilda alikuwa amewaambia kila mmoja apite ubaoni aandike sentensi yake mwenyewe, isiyotoka kitabuni. Zamu ya Bernadina ilipofika alichukua chaki, akawapa mgongo wenzake waliojibana kwenye madawati ya watoto, akaanza kuandika. Aliandika "Ninapanda", akasimama kufikiri. Nyuma yake mlango ulilia, darasa likanyamaza.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanaume.

Chaki ilimkatikia mkononi. Hakugeuka.

"Karibu, mzee," alisema Mwalimu Hilda. "Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Samahani kwa kukatiza somo. Namtafuta Bernadina. Sijawahi kumwona."

Wanawake wakafunika midomo kwa vitenge. Bibi mmoja wa dawati la mbele, ambaye alikuwa amekataa kuandika kwa kisingizio cha mgongo, alisema, "Hapa tupo wengi. Chagua."

Hatua zikaingia darasani, zikasimama. Bernadina akaokota kipande cha chaki. Magoti yalikuwa yanamwambia akimbie, lakini sentensi ilikuwa haijaisha, na ilikuwa sentensi yake. Akaimaliza herufi moja baada ya nyingine, akaweka nukta.

"Ninapanda vitunguu saumu," Margwe alisoma nyuma yake, polepole, akikaa na kila neno. "Ni huyo. Huyo asiyegeuka."

Ndipo akageuka.

Margwe alikuwa amevaa miwani myeusi ya jua. Akaivua. Macho yake yalikuwa ya kahawia, safi, yenye maji kidogo, na Bernadina naye alikuwa hajawahi kuyaona hivyo. Yalipita kwenye nywele zake zilizokatika mbele, yakashuka kwenye mikunjo, yakafika hadi kwenye mikono yenye unga wa chaki, kisha yakarudi usoni yakatulia hapo, wala hayakuonyesha kutaka kuondoka.

"Sema kitu," Bernadina alimwambia.

"Uliniambia nywele nyeupe," alisema Margwe. "Ukaniambia mikono ya jembe. Ulitaja kila kitu isipokuwa huyu mtu mwenyewe."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu Hilda alifuta pua yake, akakohoa. "Mzee, kipindi hakijaisha," alisema. "Kaa kule nyuma."

Margwe akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakimfika kifuani, akasubiri mpaka bibi yule wa mbele naye akapitishwa ubaoni.

Walitoka pamoja. Jua lilikuwa limepasua mawingu, na bonde lote chini yao lilikuwa la dhahabu na majani. Walitembea taratibu, Margwe akisimama kila mara kutazama jambo dogo: ua la malenge, ndama, rangi ya udongo. Walipofika penye njia panda alisimama kabisa.

"Bernadina. Nataka uwe mke wangu. Sisemi kwa sababu ya kusomewa. Sasa naona, na nimeona ninachokitaka."

Bernadina alikuwa ameyaota maneno hayo, lakini katika ndoto hakuwahi kufika kwenye jibu. Alishangaa kukuta jibu limeshakaa tayari mdomoni.

"Mtihani wa kisomo ni Novemba," alisema. "Kabla ya hapo sitaki mambo ya harusi, herufi zitanitoka."

"Na baada ya mtihani?"

"Uje na wazee wako kwa Emanuel. Mchana, watu wakiona. Amesema kiti kipo."

"Na ukifaulu?"

"Nikifaulu naingia hatua ya pili. Usidhani nikiolewa nitaacha shule."

"Sijasema hivyo."

"Nakuambia kabla hujasema."

Margwe akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyepewa masharti na baraza la wazee. Kundi la wanawake lilikuwa likipanda njia kutoka bombani, ndoo kichwani, na hata kabla hawajafika macho yao yalikuwa yameshafika. Bernadina akautoa mkono ndani ya shuka, akaushika wa Margwe, akasimama nao pale pale katikati ya njia mpaka walipokaribia, akawasalimu mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake.